Mwekee Moto, Usimwekee Chungu

Riziki mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi tulipokuwa tukipepeta mchele, na dua nitakuombea kesho mbele ya watu, kwa hiyo hapa sizirudii. Naandika haraka. Ukiona herufi zimelaliana kama dagaa kwenye uteo usinicheke. Kuandika nimejifunza nikiwa mtu mzima, na leo nina hofu juu yake.

Nimo chumba cha kuni, nimekalia gogo, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa sufuria. Alasiri imeshaadhiniwa. Wewe umo chumba cha pili, mikono na miguu imefungwa vitambaa juu ya hina, na Bi Mkasi, somo yako, anakufunda. Ukuta wetu wa udongo haufiki juu, kwa hiyo kila analokwambia nalisikia. Mengine nimeyacheka peke yangu humu. Namna ya kumpokea mumeo, namna ya kufukiza udi, namna ya kumwamkia mama mkwe, hayo siyagusi. Ni kazi ya somo, na Bi Mkasi anaijua kuliko mimi niliyekaa na mume miaka saba tu, kisha nikafukuzwa.

Lakini kuna moja amelisema sasa hivi.

"Mwanamme wa bahari hana saa," alisema. "Shaame akenda kuvua atarudi Alfajiri. Usilale ukamwacha arudi kwenye nyumba baridi. Kijio chake kitie kwenye chungu kidogo, funika na mkungu wa udongo, kizike kwenye jivu. Akija akute chakula kina joto lako."

Shangazi zake Shaame wakapiga vigelegele. Wewe ukaitikia, "Ndiyo, somo."

Riziki, "ndiyo" yako ile imenitia hofu. Uteo wa kupepetea ulikuwa mkononi, sijui ulianguka saa ngapi. Nilitaka kuingia mbio nikuzibe masikio. Nilifika mlangoni nikasikia mtu anakohoa humo ndani, kikohozi nikijuacho, cha bibi yako Bi Raya, mama wa baba yako, aliyekuja tangu jana kuozesha mjukuu wake. Nikarudi kinyumenyume. Ningeingia ningesema nini? Niseme "usimwekee mumeo chakula" mbele ya shangazi za bwana harusi, na Bi Raya kakaa kitandani ananitazama? Wangeulizana, "Kumbe mama wa bibi harusi ndiye yule wa Wambaa?" Na kesho usingeolewa. Au ungeolewa, lakini kila mtu akitapika huko kwao Shaame, Kisiwa Panza, wangekutazama wewe.

Ndiyo maana naandika.

Habari ya Wambaa unaijua kwa vipande. Umeiokota kwenye vinywa vya watu, kila mtu na kipande chake. Leo nakupa yote, kwa mpangilio, maana mimi nilikuwepo.

Baba yako Faki alikuwa akivua usiku kwa taa ya karabai. Akitoka baada ya Isha, kurudi ni Alfajiri. Siku ya kwanza nilipofika kwao, Bi Raya alinikalisha karibu na mafiga akanifunza lile lile ulilofunzwa wewe leo. Chungu kidogo, mkungu juu, jivu pembeni. Akaongeza na jingine: "Na cha mume hakiguswi. Hata kwa ncha ya kidole." Nikalishika. Nilikuwa mtoto wa watu, sina mama, sina mtu nyuma yangu, nikaona nikishika adabu ya nyumba nitakaa. Miaka saba sikupitisha usiku bila kuzika chungu. Nikiamka katikati nakwenda kukipima. Natia kiganja ubavuni mwa chungu, nikihisi joto kama la shavu la Khamis nasema, vizuri, kipo sawa, narudi kulala.

Khamis, mdogo wako, alikuwa ndiyo kwanza anatambaa kwa kasi, anashika nguzo anasimama, anaanguka, anacheka. Wewe ulikuwa umeanza chuo cha Kurani, ulikuwa unamwita "Hamisi Ngumi" kwa sababu akilala anakunja vidole. Sijui kama unakumbuka.

Siku ile wali ulikuwa wa nazi na mchuzi wa samaki ukamwagiwa juu, humo humo chunguni. Alfajiri baba yako akarudi. Nikakitoa chungu kwenye jivu, nikakipandisha motoni, nikakitokosa mpaka kikafoka na mchuzi ukaunguza mkono wangu. Nakwambia hivi makusudi. Nilikitokosa. Nilikinusa pia. Hakikuchacha, hakikunuka, hakikuteleza. Kilikuwa chakula kizuri. Baba yako akala, na Khamis akaja akakaa mapajani pake kama kawaida yake, akawa anatiwa matonge. Tonge la baba ndilo alilolipenda, cha kwake mwenyewe alikuwa anamwaga.

Jua halijapanda vizuri wote wawili wakaanza kutapika. Baba yako alitapika kutwa, akalala, usiku akaomba uji. Mtu mzima ana maji mengi mwilini. Mtoto hana. Khamis alikauka mikononi mwangu kama kitambaa kilichoanikwa. Jua lilipozama alikuwa hakunji tena vidole.

Tulipomaliza kumzika, wanawake wamekaa, Bi Raya akaniuliza mbele yao wote, "Mbona weye hukula?"

Hakuna aliyesema neno uchawi. Hawakuwa na haja. Swali lile lilitosha. Chakula nimepika mimi, nimekilinda mimi, nimempa mume kwa mkono wangu, na mimi mwenyewe sikuonja. Nilifungua mdomo nijibu, sauti haikutoka. Kabla ya arubaini nikapewa talaka. Nilitoka Wambaa nimekushika mkono, na uteo kichwani. Uteo huo huo nilioangusha leo.

Sina kinyongo, ndivyo ninavyowaambia watu. Wewe sikuongopei. Ninacho. Kesho baba yako atakaa mbele kama walii wako, kanzu imepigwa pasi, atakuozesha yeye kwa ulimi wake, na watu watamshika mkono wampongeze kwa kulea. Mimi nitakuwa jikoni. Nimeuza samaki wa kukaanga, nimechagua karafuu za watu mpaka kucha zikawa nyeusi, nimeosha masufuria ya hospitali, nyumba hii udongo wake nimeukanda kwa miguu yangu. Basi tuliache, maana karatasi inakwisha na hofu yangu haimo humo.

Ni huko huko hospitali nilikojua kilichomuua Khamis. Hili sijapata kukwambia lote.

Siku moja wagonjwa walikataa maziwa. Walisema machungu. Nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe, nikaona wananionea, maana mimi tayari nilikuwa na ugonjwa wa kuona watu wananionea. Daktari akaja jikoni, mtu mzima mwenye miwani, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabuni. Akaonja, akatema.

"Yamechemshwa haya?"

"Yamechemka mpaka yamepanda, bwana."

"Kabla ya hapo yalikuwa wapi?"

"Kwenye friji, tokea juzi."

Akainama chini ya ile friji ya mafuta ya taa. Utambi ulikuwa umeungua, moto umebaki mdogo kama wa kibatari. Akatia mkono ndani, akautoa, akaniambia nitie wangu. Palikuwa na ubaridi, lakini ubaridi wa kivulini tu.

Akaniambia ndani ya chakula mna vidudu visivyoonekana kwa macho. Havina meno. Vinakula kwa kutema. Vinatoa majimaji kama mate, yanayeyusha chakula, kisha vinafyonza. Samaki akilala akalainika mpaka mfupa unatoka wenyewe, ni kazi ya mate hayo. Maziwa yakiwa machungu, ni mate hayo. Na viko vidudu vingine ambavyo mbali na mate vinatoa sumu.

"Lakini nimechemsha," nikasema.

"Umeviua, Bi Mize. Mate yao hujayaua. Mate hayana roho."

Nilisimama pale na upawa mkononi. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamweleza habari ya Khamis. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza maswali yasiyo na jibu lake tayari.

"Chungu kilikuwa kwenye jivu la moto, au jivu la joto?"

"Jivu tu, bwana." Kwetu jivu ni jivu.

"Ungeliweza kukishika kwa kiganja?"

"Ndiyo, bwana. Ndivyo nilivyokuwa nikikipima."

Akavua miwani. Akaniambia kila aina ya vidudu ina joto lake. Kwenye moto wa kutokota vinakufa. Kwenye baridi kali havifi, vinalala, na ukivirudisha kwenye joto vinaamka. Kwenye ubaridi hafifu kama wa ile friji vinazaana polepole, ila viko vinavyotema zaidi hapo kuliko vikiwa kwenye joto, ndiyo maana maziwa hayakuganda lakini yakawa machungu. Vile vya sumu, vile vinavyotapisha, joto vinalolipenda ni la mwili wa mtu. Viko kila mahali, akasema, mikononi, puani, kwenye kijidonda kidogo, hata mikononi mwake yeye. Vichache havidhuru. Vikipata chakula chenye unyevu, na joto kama la mwili, na usiku mzima wa kukaa, si vichache tena. Halafu vinakuachia sumu yao ndani, haina harufu, haina ladha, na moto wa asubuhi unaiacha vile vile.

Joto la mwili wa mtu, Riziki. Joto la shavu la Khamis.

Sikulia pale. Nililia njiani.

Unajua mimi, mtu akiniambia kitu lazima nikihesabu. Daktari alisema kwenye joto zuri kidudu kimoja kinakuwa viwili kwa muda wa kama nusu saa. Usiku ule nilikuwa nimeletewa karafuu za kuchagua. Tukatandika jamvi, mimi na wewe. Karafuu moja. Nikakwambia, sasa Isha, baba katoka. Nusu saa, mbili. Nusu saa, nne. Ukaona mchezo. Ulikuwa unanicheka ninavyohesabu kwa sauti. Mwanzo ni kidogo sana, unaona hata haifiki kitu, ukikaa ukitazama unasema chakula hiki salama. Kibaba kizima kikatuishia jogoo wa kwanza hajawika bado, kwa hesabu yetu. Ukaniuliza, "Mama, zote hizi tunazirudisha kwenye gunia?" Nikakwambia ulale. Nikamaliza kwa kichwa. Kutoka Isha mpaka Alfajiri kuna nusu saa kumi na nane. Kile kimoja kinakuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Na havikuanza kimoja.

Ukadhani nimekuchezesha. Nilikuwa namhesabu mdogo wako.

Sasa nikwambie nilipokosea mimi, na si kwa kutojua, bali baada ya kujua. Nilidhani kujua kutanitoa hofu. Kumenizidishia. Unakumbuka ile Idd, Bi Zuwena jirani alipokupakulia pilau ya jana yake, na mimi nikakupokonya sahani mbele ya watoto wenzako, nikaimwagia kuku? Sikusema neno. Sikumweleza. Bi Zuwena aliona namdhania uchafu, au baya zaidi, kwamba mimi niliyeitwa mtilia watu kitu sasa namdhania yeye. Mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza hapa mjini Chake. Na wewe ulikaa siku nyingi hutaki kula kwa mtu, unanusa kila tonge kama paka. Nilikulisha hofu badala ya maarifa. Laiti ningelikaa na Bi Zuwena tukapanga karafuu kwenye jamvi, angelicheka, angeliuliza, angelijua.

Kwa hiyo usinifuate katika hilo. Kiporo cha mtu usikitupe mbele yake. Ukipewa chakula ambacho unajua kimelala vuguvugu, sema umeshiba, sema tumbo, sema chochote chenye heshima, kisha siku nyingine, mkiwa wawili, mweleze. Watu si wajinga. Mimi sikuwa mjinga. Tulipima kwa kiganja kwa sababu hakuna aliyetupa kipimo kingine.

Na Shaame je? Shaame kijana mzuri, nimemtazama anavyokula, hachagui na wala halazimishi. Hofu yangu si yeye. Hofu yangu ni Alfajiri moja huko Kisiwa Panza, wewe umechoka, mama mkwe anakutazama, chungu kipo kwenye jivu kwa sababu ndivyo ilivyo adabu, na hospitali iko ng'ambo ya maji. Namwona mpaka mtoto ambaye hujamzaa. Namwona kakaa mapajani pa baba yake.

Basi mwekee mumeo moto, usimwekee chungu. Makaa yafukie vizuri yasizime. Mchele uwe mkavu, umeshachaguliwa. Nazi usiivunje, ikae kwenye kifuu chake, hakuna kawa ya kufunikia inayoshinda kifuu. Chumvi, ndimu, pilipili. Samaki anakuja naye mwenyewe, wa usiku ule. Ukimsikia mumeo anakohoa nje, fukua makaa. Atangoja wali uive, na kungoja huko hakujaua mtu. Kama siku hiyo huwezi, basi mpe kilicho kikavu, muhogo wa kuchoma, mkate wa kukauka. Na kama kuna siku chungu lazima kikae, kikae kikitokota, kiwe cha kukuunguza ukikigusa. Kikikuruhusu ukishike, kimeshaharibika.

La pili, kula naye. Kwenye sahani moja. Watakwambia si adabu. Waache waseme. Usimpe mtu chakula ambacho wewe mwenyewe hukitii mdomoni, na usimpe mtu yeyote nafasi ya kukuuliza lile swali.

Nangoja nione Bi Mkasi akitoka. Anakuja huku, nasikia kanga zake.

Nimerudi. Karatasi imeingia masizi, samehe. Yametokea mambo.

Bi Mkasi alikuja kuchukua makaa ya chetezo cha udi. Akaniona na kalamu.

"Mize! Barua chumba cha kuni? Umepata bwana?"

"Bi Mkasi, lile la jivu lifute."

"Lipi hilo?"

"La kumzikia mume chungu. Rudi kamwambie umekosea."

"Ati nimekosea!" Akacheka mpaka chetezo kikamtikisika. "Mume arudi na njaa ya usiku kucha, akute mchele mkavu na maneno? N'nakwambia ataoa wa pili kabla wali haujaiva."

"Na aoe."

"Hee! Miye nimekula viporo tokea sijaota meno. Meno yakaota, yakang'oka tena, nipo. Weye unamtisha mtoto wa watu siku ya furaha yake."

"Wewe upo, Bi Mkasi. Khamis wangu hayupo."

Akaweka chetezo chini. Nikamweleza, kwa ufupi, vidudu na mate na joto la kiganja. Nilikuwa nasema haraka kama mtu anayefukuzwa. Sikuona kama mlango una mtu. Bi Raya alikuwa kasimama pale, kikopo mkononi, amekuja kutafuta maji ya kusukutua. Sijui alisikia kutoka wapi. Alinitazama, na akasema neno kwa neno, vile vile kama siku ile ya msiba:

"Mize. Mbona weye hukula?"

Riziki, nilijiona niko Wambaa tena. Nilishika mlango. Lakini sauti haikuwa ile. Siku ile aliuliza akiwatazama wengine. Leo alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa anangoja.

"Kwa sababu kilikuwa chake, mama," nikasema. Neno "mama" lilinitoka, sikulituma. "Ulinikalisha kwenye mafiga ukaniambia cha mume hakiguswi hata kwa ncha ya kidole. Sikukigusa."

Makaa ya Bi Mkasi yalikuwa yanatoa moshi, hakuna aliyetia udi. Bi Raya aliyatazama makaa yale.

"Nilikwambia hivyo," akasema.

Basi. Hakuongeza. Sikumtaka radhi na hakunitaka radhi, na usije ukamuuliza. Aliweka kikopo chini, akavuta mbuzi ya kukunia, akakaa, taratibu kwa vile magoti yake yanamuuma, akashika nazi niliyokuwa nimeivunja.

"Hii ya nini?"

"Wali wa Riziki. Hajala tokea asubuhi."

"Unangoja nini na makaratasi? Moto wako huo unazimika."

Akaanza kukuna. Nikachochea kuni.

Sasa wali uko juu ya moto, na mimi nimerudi kwenye gogo, na nasikia upande wa pili Bi Mkasi anasema kwa sauti ya juu, makusudi nisikie, "Lile la jivu liache, mwanangu, la kizamani lile. Mwekee moto. Mchele mkavu, nazi kwenye kifuu." Shangazi mmoja akauliza, "Na akiwa na njaa je?" Bi Mkasi akamjibu, "Atakuna nazi mwenyewe! Mikono ya kuvuta nyavu inashindwa na mbuzi?" Mmecheka wote. Nimesikia na chako humo ndani, kicheko chako cha kupitia puani.

Usidhani hofu imenitoka. Haijatoka. Usiku wa kesho nitaamka katikati nitie kiganja kwenye jivu lisilo na kitu. Barua hii nitaikunja niitie kwenye mkoba wako, chini ya kanga ya pili, kwa sababu maneno ya Bi Mkasi leo yana vigelegele na kesho kutwa utakuwa peke yako na mama mkwe na mafiga yake. Hapo uisome. Isome hata mara mbili. Kisha tafuta kibaba cha karafuu, mwite mama mkwe, mkae kwenye jamvi, na uanze na moja.

Bi Raya ananiita. Anasema, "Mize, wali umeiva. Mpelekee mtoto ungali wa moto."

Mikono yako imefungwa, kwa hiyo nitakulisha mimi, na yeye atakaa nasi, sahani moja watu watatu. Naja. Ukiniambia tonge linakuunguza, nitafurahi.

Mamako,
Mize